Tulilipa, Hatukuwaona Sokwe



Baadhi yenu mwafahamu ya kwamba baada ya mavuno yaliyopita, watu 14 wa parishi yetu, yaani wazee wa kanisa, akina mama na vijana wachache wa kwaya, tulifunga safari kutoka hapa Geita kwenda kutazama wanyama katika kisiwa cha Rubondo. Mwafahamu pia maneno yaliyozuka tuliporudi. Wengine walisema safari ilikuwa njema. Wengine wakasema tulizitupa fedha ziwani, kwa kuwa tulikwenda kuwaona sokwe, na sokwe hatukuwaona. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ndugu mmoja alitusimamisha chini ya mwembe akauliza waziwazi: "Mwalimu, mtu akilipia kitu asikipate, si amedhulumiwa huyo?"

Siku ile hatukumjibu. Swali lilikuwa zuri kuliko majibu tuliyokuwa nayo. Tangu hapo tumelifikiri sana, na sasa twaomba nafasi katika kurasa hizi tumjibu yeye pamoja na wote waliochanga fedha zao.

Yafaa kwanza tueleze safari yenyewe. Tulichanga kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Mama mmoja aliuza kuku wake wanne. Sisi nafsi yetu tulikuwa na hamu ya pekee. Kwa zaidi ya miaka 30 tulifundisha shule za msingi, kwanza Shinyanga, kisha huku Geita, na kila mwaka tulimchora sokwe ubaoni kwa chaki. Tuliwaambia watoto kwamba mnyama huyu hutandika kitanda chake cha majani juu ya mti kila jioni, na huchokoa mchwa kwa kijiti, kama alivyoshuhudia Bibi Jane Goodall kule Gombe tangu mwaka 1960. Hayo yote tuliyapata chuoni na vitabuni. Sokwe mwenyewe hatukuwa tumemwona hata siku moja, na umri unakwenda.

Tulipita Katoro, tukaingia wilaya ya Chato hadi Kasenda, na hapo tukavuka kwa boti. Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 456.8, na karibu nusu ya hesabu hiyo ni maji, maana mipaka ya hifadhi huingia ziwani. Kisiwa chenyewe kimefunikwa na msitu mzito, miti mirefu iliyofungamana kwa kamba za mwitu hadi ukingoni mwa maji. Tulilala huko usiku mmoja.

Asubuhi vijana waliingia msituni kwa miguu. Walirudi adhuhuri wameloa jasho. Waliviona vitanda vya majani juu ya miti, na chini yake maganda ya matunda, lakini wenyewe walikuwa wamekwisha kuhama. Alasiri sote tulipanda boti, wazee kwa vijana. Mwongozaji wetu, kijana wa pande hizo hizo za ziwa, alisema kwamba mara mojamoja sokwe husikika karibu na ufuko, na pengine huonekana. Kisha, kabla ya kufungua kamba, alisema maneno ambayo tulipaswa kuyasikia vizuri zaidi: "Wazee wangu, kuwarudisha salama nawaahidi. Wanyama siwaahidi, maana si wangu."

Tulipofika penye ghuba yenye matete alizima injini, akaiacha boti ichukuliwe na upepo taratibu kandokando ya msitu. Kwa mara ya kwanza tangu tutoke Geita tukasikia kimya. Mamba wawili walilala mchangani vinywa wazi. Viboko walitoa masikio na macho, wakatuangalia kana kwamba wanatuhesabu, wakazama. Tai mla samaki alitushukia karibu, akainua samaki majini bila kutujali. Kisha mwongozaji akanyosha mkono pasipo kusema neno. Ndani ya matete alisimama nzohe jike, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu, maji yamemfika tumboni, na nyuma yake mtoto.

Hapo ndipo lilipotokea jambo tunalotaka kulipima. Kijana wetu mmoja, ambaye hujipatia riziki yake katika maduara ya dhahabu, alitoa simu apige picha, akaona yuko mbali. Kijana huyu si mtu mbaya. Ndiye aliyewalipia nauli wazee wawili pasipo kuombwa. Alimnong'oneza mwongozaji: "Kaka, sogeza boti kidogo. Hela ya chai ipo. Kila kitu kina bei yake."

Mwongozaji hakukasirika. Alijibu kwa sauti ndogo: "Ni kweli, kaka. Ila bei ya kusogea hutailipa wewe. Atailipa yule mama. Akishtuka atakimbilia maji makuu, mtoto bado hana nguvu, na mamba umewaona."

Twaungama kwamba sisi, mwalimu wa miaka mingi, tulikuwa tumekwisha kufungua kinywa ili kumuunga mkono kijana. Tulikifunga kwa aibu.

Jua lilipokuwa linashuka, sauti ilianza ndani ya msitu, chini kwanza, kisha ikapanda, nyingine zikaipokea, na mwisho kikasikika kishindo kama cha mtu apigaye ngoma. Sokwe hupiga hivyo kwa mikono na miguu juu ya mizizi mipana ya miti mikubwa. "Ndio hao," mwongozaji akasema. Tuliyakazia macho majani hadi yakauma. Giza likaanza kuingia. Hakutokea hata mmoja, nasi tukarudi.

Basi turudi kwenye swali la ndugu yetu. Mtu akilipia debe la mahindi akapewa nusu debe, huyo amedhulumiwa, na muuzaji ana dhambi. Lakini sisi tuliuziwa nini? Tuliuziwa boti, mafuta, kazi ya mwongozaji, na ruhusa ya kuingia mahali panapolindwa. Vyote hivyo tulivipata. Sisi walimu twalijua jambo hili vizuri. Mzazi akilipa ada hanunui akili. Hulipia dawati, mwalimu na nafasi, na akili ya mtoto itakuja kwa wakati wake au isije. Mwalimu anayeahidi kwamba kila mtoto atafaulu ni mwongo, na mwongozaji anayeahidi sokwe kwa saa fulani ama ni mwongo, ama amewafunga kamba mahali.

Jibu hilo latosha kwa habari za risiti. Hata hivyo halimtoshi yule mama aliyeuza kuku, wala halikututosha sisi. Moyo uliendelea kunung'unika kwamba tumenyimwa haki yetu. Ndipo tulipoikumbuka historia ya sokwe hao wenyewe.

Sokwe wa Rubondo hawakuwapo kisiwani tangu asili. Waliletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 na Shirika la Wanyama la Frankfurt, wakati wa Profesa Bernhard Grzimek, jumla yao 17. Walikuwa wamekamatwa wangali wadogo katika misitu ya Afrika Magharibi, wakapelekwa Ulaya, wakaishi katika mabanda ya kuonyeshea wanyama, na wengine katika sarakasi. Kisha wakapandishwa meli, wakafunguliwa katika msitu huu wetu. Mwanzoni haikuwa rahisi. Wamo waliokuwa wamewazoea wanadamu kupita kiasi, wakawashambulia watu, na madume wawili wakapigwa risasi. Waliosalia walijifunza upya kula matunda ya mwitu, kutandika vitanda mitini, na kuzaa. Leo watoto, wajukuu na vitukuu vyao ni makumi kadhaa, na hukaa mbali na watu.

Tuwafikirie basi wale waliolipa kiingilio kule Ulaya. Wao waliwaona sokwe kila mara walipokwenda. Hakuna aliyerudi nyumbani akisema amedhulumiwa. Kwa nini? Kwa sababu sokwe hakuwa na mahali pa kujificha. Uhakika ule wa kumwona ulitoka kwenye vyuma vya banda. Sisi tulipomkosa pale Rubondo, tulimkosa kwa kuwa ana msitu, ana miguu, na ana hiari ya kuja au kutokuja. Kumbe kile tulichokiita hasara ndicho kipimo cha uzima wake. Lau tungeonyeshwa kwa hakika, ingetupasa tuulize amefanywa nini hata awe tayari saa kumi jioni kwa ajili yetu.

Tena, kukaribia kwenyewe kwaweza kuua. Sokwe huambukizwa mafua na vikohozi vya wanadamu, ndiyo maana katika hifadhi zenye sokwe mgonjwa haruhusiwi kuwasogelea. Mtu aweza kumpenda mnyama kwa moyo wake wote na kumwua kwa pumzi yake.

Ndugu zetu, jambo hili ni gumu zaidi kwetu watu wa Geita kuliko kwa wengine. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, mwaka ule ule sokwe wa kwanza walipofika Rubondo, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Wengi wetu tumelelewa, tumesomeshwa na tumejengewa nyumba kwa dhahabu, kubwa au ndogo, na hatuidharau riziki hiyo. Lakini dhahabu humfundisha mtu tabia. Dhahabu haina la kusema. Haikimbii, haina mtoto wa kumlinda. Ukichimba zaidi, ukisaga zaidi, ukilipa zaidi, mwishowe itatoka, na ikikosekana ni kwa kuwa haipo. Mtu akizoea hivyo huanza kudhani kwamba kila kilichofichika kinamngoja yeye mwenye nguvu au mwenye fedha. Akikutana na kiumbe kinachoweza kusema hapana, huona amekosewa adabu.

Wako watakaosema: mnyama asiyeliwa wala kuuzwa ana faida gani? Jibu la faida lipo, nasi hatulikatai. Maji ya Rubondo ni mazalio ya samaki, sato na sangara, na samaki hawajui mpaka wa hifadhi. Waliozaliwa ndani huvuliwa nje. Wageni nao huleta fedha. Lakini tukikomea hapo tutakuwa tumemwambia nzohe na mtoto wake kwamba wana ruhusa ya kuishi maadamu wanalipa kodi. Siku hesabu ikibadilika, tutawaondoa.

Msomaji wa Biblia na atazame tena mwisho wa kitabu cha Ayubu. Mtu yule amepoteza watoto, mali na afya, naye adai jibu. Jibu analopewa ni la ajabu: aonyeshwa wanyama. Aonyeshwa mbuzi wa majabali anayezaa pasipo mtu kumwona, punda-mwitu asiyekubali kufungwa, na yule mnyama mkubwa alalaye kwenye matete, ambaye wengi humdhania kuwa kiboko. Hakuna hata mmoja kati yao aliye na faida kwa Ayubu. Sisi twafikiri hiyo ndiyo maana ya kuonyeshwa. Dunia ni pana kuliko haja zake, na Muumba ana furaha na viumbe ambavyo Ayubu havimhusu. Mtu aliyevunjika moyo aweza kupumzika katika wazo hilo. Nasi pale kwenye boti, injini ilipozimwa, tulipumzika hivyo kwa muda wa saa nzima.

Sasa limebaki neno zito, na tukilinyamazia tutakuwa tumeandika nusu ya kweli. Tulipofika gatini jioni ile, tulimsifu mwongozaji kwa kumlinda nzohe. Akatuambia: "Mwalimu, babu yangu alizaliwa katika kisiwa hiki." Katika miaka ya 1960, Rubondo ilipofanywa pori la akiba, watu wapata 400 waliokuwa wakiishi huko, wengi wao wavuvi, walihamishwa. Babu yake alivuka na mitumbwi miwili. Hadi kufa kwake alikuwa na desturi ya kukaa ufukoni jioni, akikitazama kisiwa. Tulimwuliza kijana kama ana uchungu. Alifikiri, akajibu: "Msitu huu ungekwisha kama visiwa vingine vilivyokatwa. Na babu alikosewa. Yote mawili ni kweli, Mwalimu, na mimi nayabeba yote mawili."

Hatukuweza kuongeza kitu. Kama sokwe ana haki ya kutosumbuliwa nyumbani kwake, mzee yule alikuwa na haki gani nyumbani kwake? Anayemheshimu nzohe kwa kuwa ana mtoto nyuma yake, na asimheshimu mwanadamu mwenye watoto nyuma yake, heshima yake ina kasoro. Siku hizi twasikia mengi ya kulinda misitu, na ni mema. Lakini kila mara tuulize: ni nani aliyeambiwa ahame, aliulizwa kwanza, na alipewa nini mkononi?

Kwamba kulinda bila kufukuza kwawezekana, sisi tumeona kwa macho yetu Shinyanga. Nchi ile miti yake ilifyekwa tangu enzi za ukoloni ili kumwondoa mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba, hata mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipoitembelea akaiona inageuka jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, uliofufua desturi ya Wasukuma ya ngitili. Familia au kijiji hutenga malisho, huyafunga wakati wa masika, na kuyafungua kiangazi majani mengine yakiisha. Hakuna aliyehamishwa. Wenye mali wenyewe waliizuia mikono yao, wazee na sungusungu wakasimamia. Baada ya miaka kama 20 ngitili zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000. Tulipokuwa tukifundisha huko tulipita kila siku kando ya ngitili moja. Mwanzoni ilikuwa vumbi tupu, na baadaye kanga na sungura walirudi wenyewe, bila kuitwa na mtu.

Ngitili na Rubondo zatufundisha somo moja kwa njia mbili: kuna mema ambayo hayaji isipokuwa mkono umezuiliwa. Tofauti ni mkono wa nani unaozuiliwa, na nani anayeuzuia. Ni heri mtu auzuie wa kwake.

Basi, ndugu yetu uliyeuliza chini ya mwembe, jibu letu ni hili. Hatukudhulumiwa. Tuliahidiwa kurudi salama, tukarudi salama. Tulikwenda nyumbani kwa wenyewe tukabisha hodi, wakatuitikia toka ndani, wala hawakufungua mlango. Mgeni muungwana asipofunguliwa hauvunji mlango, wala hasemi ameibiwa. Hushukuru kwa kuitikiwa, akaenda zake.

Yule kijana wa maduara alikuja kwetu juma lililopita. Alituonyesha picha aliyoipiga jioni ile: matete, na katikati yake doa dogo la rangi ya kahawia, ambalo asiyeambiwa hawezi kujua ni nini. Alisema wenzake kazini wameicheka. Tulimwuliza kama ataifuta. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Nikiwaeleza kwa nini yuko mbali, wananyamaza."

Nasi kama tungerudi darasani, tungemchora sokwe tena kwa chaki, kisha tungechora majani mbele yake mpaka afichike, tuwaambie watoto: yumo humo ndani. Tulimsikia.